Pima, Ndiyo, Lakini Lini?

Bunge la Tanzania lilipopitisha Novemba 2019 marekebisho ya Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008, mjadala wa kujipima VVU nyumbani ulipamba moto. Wengine waligombania umri wa kujiamulia kupima, ulioshushwa kutoka miaka 18 hadi 15. Wengine waliuliza nani atamtuliza aliyejipima peke yake chumbani. Hayo yamesemwa. Sisi tunauliza: kupima lini?

Miaka yote mabango yanasema pima. Nyimbo, pima. Semina, pima. Lini, hakuna anayesema.

Matokeo yake, mtu anateleza Jumamosi usiku, Jumatatu anapima, anaambiwa hana, anarudi nyumbani akishangilia. Amewahi mno. Vipimo hivi vya haraka, cha tone la damu au cha majimaji ya ufizi, havitafuti kirusi chenyewe. Vinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwazalisha baada ya kuvamiwa, nao huchukua wiki kadhaa kuonekana. Jibu la kutegemea ni la miezi 3 baada ya siku ile. Kabla ya hapo, kondomu.

Lakini Jumatatu hiyohiyo alikuwa na haki ya kitu kingine: dawa za kinga, zile PEP. Huanzwa ndani ya saa 72, mapema ndiyo bora, na humezwa kila siku kwa siku 28. Ni za muuguzi aliyejichoma sindano, za aliyepasukiwa na kondomu, za aliyebakwa. Na aliyebakwa tunamfanyia nini? Anazungushwa kutafuta fomu ya PF3 polisi. Saa zinakwenda. Mwingine anafika kituoni Jumapili, anaambiwa mwenye ufunguo wa kabati hayupo. Saa zinakwenda. Na bango ukutani bado linasema pima.

Wizara, andikeni saa 72 kwenye mabango. Waganga wafawidhi, kabati lifunguke hata usiku wa sikukuu. Askari wa dawati la jinsia, mfikisheni aliyebakwa hospitali kwanza. Na wewe unayetusikiliza, ukijikuta hatarini, usisubiri dalili, usimuulize jirani. Nenda hospitali siku hiyohiyo, omba dawa za kinga. Watakupima hapohapo. Rudi wiki ya 6, rudi mwezi wa 3. Kipimo cha nyumbani kikionyesha maambukizi, kathibitishe kituoni uanze ARV. Pimeni, ndugu zetu, pimeni. Lakini kwanza, saa 72!