Majina ya Babu Zetu

Mwingereza akitafuta mababu zake huenda parokiani. Huko kwao vitabu vya ubatizo, ndoa na maziko viliamriwa mwaka 1538, na sensa ya 1841 iliandika majina nyumba kwa nyumba.

Je, mimi wa hapa Mombo nianzie wapi? Wamisionari Walutheri walifika Mlalo mwaka 1891, lakini babu aliyekuwa Mwislamu au aliyeshika mila hamo katika vitabu vyao vya ubatizo. Sensa yetu ya 2022 ilitangaziwa idadi, si majina.

Tumebaki na wazee. Mzee akifa, hata kesi ya shamba hukosa shahidi. Basi Jumapili hii chukua daftari, mkalie mzee wako, uandike: nani alimzaa nani, amezikwa wapi. Na majina ya bibi zetu pia, maana hao husahauliwa kwanza. Kwaherini.