Aliyekimbia Mbele ya Gari la Mfalme

Leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya wanafunzi wa vyuo vikuu walio katika vilabu vya michezo: raga, mpira wa miguu, hoki, mpira wa wavu, riadha na mingineyo. Swali letu ni moja tu. Miguu ya mchezaji hutunzwa na kocha. Je, moyo wake hutunzwa na nani?

Pengine mmoja wenu atasema, "Hao wana shida gani? Wana nguvu, wana afya, tena wanashangiliwa." Ni kweli, michezo ni dawa njema. Mtu akifanya mazoezi hulala vizuri, na fikira zake hutulia. Tena hupata marafiki. Lakini mwenye nguvu naye huanguka, na mara nyingi huanguka mahali ambapo watu hawamtazami.

Fungueni Biblia zenu katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 18 na ya 19. Hapo tunamkuta nabii Eliya. Tumezoea kumfikiri Eliya kama mtu wa maombi na wa moto. Leo tumtazame kama mkimbiaji. Baada ya ushindi ule mkubwa katika mlima Karmeli, mvua ilikuja, mfalme Ahabu akapanda gari lake, naye Eliya akajifunga nguo yake viunoni akakimbia kwa miguu mbele ya gari la mfalme mpaka Yezreeli. Huo si mwendo mfupi. Ni zaidi ya kilomita 20. Hakuna aliyemwona siku ile ambaye angesema, "Mtu huyu yu karibu kukata tamaa."

Lakini geuzeni ukurasa mmoja tu. Malkia Yezebeli anamtumia maneno ya kumtisha, naye anakimbia tena, safari hii kwa hofu. Anafika Beer-sheba, na hapo anamwacha mtumishi wake. Kisha anaingia jangwani peke yake mwendo wa siku moja, anaketi chini ya mti, na kumwomba Mungu amwondolee uhai wake. Angalieni, ndugu zangu: ushindi na kukata tamaa vilikuwa karibu sana. Tena angalieni kwamba kabla hajataka kufa, alikuwa amekwisha kujitenga na mwenzake.

Nchi yetu nayo ilikuwa na mkimbiaji wa namna hiyo. Henry Rono alitoka Nandi akaenda kusoma katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, huko Marekani. Mwaka wa 1978, akiwa bado mwanafunzi, alivunja rekodi nne za dunia katika muda wa siku 81: mita 5000, mita 3000 za kuruka viunzi na maji, mita 10,000, na mita 3000. Mwaka huo huo alipata medali mbili za dhahabu katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edmonton. Lakini katika Olimpiki hakukimbia hata mara moja, kwa maana Kenya haikushiriki mwaka wa 1976 wala mwaka wa 1980. Baadaye ulevi ulimtesa kwa miaka mingi. Kuna wakati alilala katika makao ya watu wasio na nyumba, na kuna wakati alibeba mizigo ya wasafiri katika kiwanja cha ndege huko Albuquerque. Hayo aliyasimulia mwenyewe, wala hakuyaficha. Alipata kuinuka tena, akaiacha pombe, akawafundisha vijana kukimbia, na mwaka wa 2019 akarudi nyumbani. Alifariki mwezi wa Februari 2024, akiwa na umri wa miaka 72. Dunia iliupima mwendo wake kwa saa, hata sehemu ya sekunde. Lakini uzito wa moyo haupimwi kwa saa.

Kijana wa chuo aliye katika timu hubeba mizigo miwili. Asubuhi ni masomo, jioni ni mazoezi, Jumamosi ni mechi, na Jumatatu ni mtihani. Wengine karo yao yalipwa kwa sababu ya mchezo. Wakianguka uwanjani, wanaogopa kuanguka na darasani. Nyumbani jamaa wanangoja jina litokee gazetini. Halafu siku moja goti linaumia. Daktari anasema, pumzika miezi sita. Basi lile basi la timu laondoka bila yeye. Jina lake halipo katika orodha iliyobandikwa ukutani. Wiki ya kwanza wenzake wanakuja na matunda. Wiki ya tatu hakuna anayebisha mlango. Naye anaanza kujiuliza, "Kama mimi si mchezaji, mimi ni nani?"

Wapenzi, swali hilo laweza kumwua mtu. Shirika la Afya Duniani, kwa hesabu zake za mwaka wa 2021, lasema kwamba kujiua ni sababu ya tatu ya vifo vya watu wenye umri wa miaka 15 hadi 29. Huo ndio umri wa wanafunzi wetu.

Sasa, Mungu alimtendea Eliya nini? Hakumkemea. Hakumwambia kwamba imani yake ni haba. Kwanza alimwacha alale. Kisha alimtuma malaika kumgusa na kumpa mkate na maji. Akala, akalala tena, na malaika akaja mara ya pili. Baadaye sana, huko Horebu, Mungu alimwuliza anafanya nini mahali pale, akamsikiliza. Eliya alijibu kwamba amebaki peke yake. Ndipo Mungu akamwambia ya kwamba wako watu elfu saba katika Israeli ambao hawajamsujudia Baali, tena akamwelekeza kwa Elisha awe mwenzake. Usingizi, chakula, swali, na mwenzi. Hivyo ndivyo Mungu alivyomtunza mkimbiaji aliyechoka.

Ninyi manahodha, makocha na wachezaji, kazi hiyo mwaiweza. Wahenga walisema, siri ya mtungi aijuaye kata. Mzazi yuko mbali, mwalimu ana wanafunzi mia tatu, lakini ninyi mnakutana na mwenzenu kila jioni. Ninyi ndio wa kwanza kuona kwamba ameacha kuja mazoezini. Mnaona kwamba halali, au alala mchana kutwa. Mnaona kwamba hali, au ameanza kunywa kupita kiasi, au amezama katika kamari ya mpira kwa simu na kukopa huku na huku. Mnasikia anaposema kwamba watu wangekuwa afadhali bila yeye, au mnaona akigawa viatu vyake vya kuchezea bila sababu. Msipite tu.

Nendeni chumbani kwake. Msianze na habari za mechi. Ulizeni habari zake yeye. Na kama mna hofu, mwulizeni waziwazi kama anafikiri kujiua. Wengi hudhani kwamba kuuliza hivyo ni kumtia wazo hilo moyoni. Sivyo. Madaktari wametufundisha kwamba kuuliza kwa upole hakumtii wazo, bali humpa nafasi ya kuufungua moyo. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Mpelekeni kwa mshauri wa wanafunzi, au kwa daktari, na mwende pamoja naye. Msimpe tu maelekezo ya njia. Hata aliyeumia mguu na awe na kazi katika timu: aje uwanjani, ahesabu mabao, awafundishe wapya. Jezi yake isipewe mtu kabla yeye hajaambiwa.

Nanyi wazazi na Wakristo wa makanisa yetu, msiseme kwamba dawa ya hospitali ni kukosa imani. Mkate aliokula Eliya ulitoka kwa Mungu, na dawa nayo ni kipawa chake. Wala msilitaje jina la Mathari kwa mzaha mbele ya watoto wenu, wasije wakaogopa kupona. Zamani sheria yetu ilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, na watu waliogopa kusema. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho, cha 226 katika Kanuni ya Adhabu, kinapingana na Katiba. Ikiwa mahakama imekwisha kuona kwamba mtu huyo ni wa kuhurumiwa, je, kanisa litamhukumu? Kijana wako akipiga simu, usimwulize kwanza kama wameshinda. Mwulize amelala saa ngapi na amekula nini. Malaika alianzia hapo.

Nawe kijana unayetusikiliza ukiwa peke yako kitandani, na mlango umefungwa: Mungu hakukupenda kwa sababu ya mbio zako, wala hataacha kukupenda kwa sababu ya goti lako. Eliya aliomba afe chini ya mti ule, na Mungu hakumpa ombi hilo, kwa kuwa kazi yake ilikuwa bado mbele. Inuka leo, si kesho. Fungua mlango, umwite mmoja tu, umwambie neno hili: "Sijisikii vizuri, kaa nami." Hiyo si aibu, na huenda huyo ndiye Elisha wako.

Na tuombe. Ee Baba yetu, wewe uliyemlisha mtumishi wako jangwani, uwaangalie vijana wetu katika vyuo na katika viwanja. Uwape waliochoka usingizi, na waliojitenga uwape rafiki. Utupe sisi sote macho ya kuona na miguu ya kwenda kwao upesi. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.