Mitishamba Inayotuliza Kinga

Manjano, tangawizi, habasoda: karibu kila kopo katika maonyesho haya ya dawa za asili lina kibandiko kilekile, "Huongeza kinga." Naomba tukibandue, maana utafiti unasema jambo jingine. Mpara samaki wa soko la Feri akijikata, kidole huvimba, hupata joto na kuuma. Hiyo ndiyo kinga ikiwa kazini: chembe nyeupe za damu zimegundua vijidudu, na ndani yake protini iitwayo NF-kB imeamsha jeni za kutengeneza kemikali za kuita chembe nyingine, kama TNF. Kurkumini ya manjano imeonekana mara nyingi maabara ikiizuia protini hiyo; thaimokwinoni ya habasoda vilevile. Basi mitishamba hii huituliza kinga. Mwenye goti lililosagika hupata nafuu, na majaribio kadhaa kwa wagonjwa yameonyesha maumivu yakipungua kiasi. Lakini mwenye kifua kikuu akisoma kibandiko kile anaweza kuacha vidonge vyake akingoja kinga ipande.

Mtaniambia bibi zetu walitumia manjano bila maabara na wakapona. Sibishi. Ila chembe za maabara humwagiwa kurkumini moja kwa moja, ilhali ukiimeza, utumbo na ini huibadilisha karibu yote kabla haijaenea mwilini. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1998, watafiti wa Bangalore, India, waliwapa watu gramu 2 za kurkumini pamoja na miligramu 20 za piperini ya pilipili manga, na kiasi kilichoingia damuni kikapanda takriban mara 20. Tatizo ni kwamba piperini hiyohiyo huweza kupandisha damuni dawa za hospitali, zikiwemo za kifafa.

Wapo watakaosema huku ni kuidharau tiba asili. Mbona Muhimbili wanaitafiti tangu 1974, na sheria ya mwaka 2002 ikaiundia Baraza? Anayeidharau ni yule anayechanganya deksamethasoni, dawa ya hospitali ya kutuliza uvimbe, kwenye unga wa mizizi ili goti lipoe kesho yake, ujanja uliokwisha kunaswa katika nchi nyingi.

Ndugu wauzaji, andikeni jina la mmea na kipimo chake, kisha mwulizeni kila mteja anameza dawa gani nyingine. Baada ya kusema hayo, natamka kuwa maonyesho haya yamefunguliwa rasmi.