Kuchagua Muundo wa Biashara kwa Kampuni Changa za Mwaloni: Tatizo la Ada ya Mwezi
Mada ya semina ya wajasiriamali vijana, Majanji, Wilaya ya Busia, Uganda

Utangulizi

Nimeombwa nieleze namna kampuni changa inavyochagua muundo wa biashara. Maana yake mnaijua: nani analipa, analipia nini, lini, na baada ya gharama kunabaki nini. Kuna kuuza taslimu, kukodisha, kamisheni, ada ya mwezi na mkopo wa kulipa kidogo kidogo. Sitakawia hapo.

Tatizo lenyewe

Muda wangu nautumia kwa jambo moja ambalo nimelipigania kwa miaka. Karibu kila mpango ninaoletewa, uwe wa taa za sola, wa barafu au wa programu ya bei za samaki, unasema mteja atalipa tarehe 1 ya kila mwezi. Wafadhili hupenda hivyo, maana mapato yanatabirika kwenye karatasi. Lakini fedha ya mwaloni haifuati kalenda ya ukutani. Mukene, au omena kwa ndugu zetu wa Sio Port na Port Victoria ng'ambo ya mpaka, Kenya, huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea, samaki hawakusanyiki kwenye taa. Mitumbwi huvutwa ufukweni, watu wakashona nyavu, na mama anayeanika mukene akakosa cha kuanika.

Sasa fanyeni hesabu. Mwezi wa angani una siku 29 na nusu, kwa hiyo kila mwaka giza husogea kwa siku 11 hivi kwenye kalenda. Kampuni ikianza majaribio wakati tarehe 1 iko siku 5 baada ya mwezi kuandama, wateja watalipa vizuri. Mwaka unaofuata tarehe hiyohiyo itakuwa siku ya 16, mbalamwezi tupu. Nimeona kampuni nzuri ikifungwa kwa namna hii, na ripoti ikaandika kwamba wavuvi hawana desturi ya kulipa. Kauli hiyo naikataa kabisa. Wavuvi haohao, samaki wakishauzwa, hutoa kwanza gharama ya mafuta, ndipo hugawana kinachobaki. Huduma yenu iingie kwenye fungu hilo la gharama, ilipwe kwa safari.

Si jambo geni. Mwaka 2008 Osram ya Ujerumani ilifungua kituo Mbita, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria hilihili, ambapo mvuvi wa usiku alileta taa na kulipia chaji badala ya kununua mafuta ya taa. M-Kopa, iliyoanza kuuza vifaa vya sola Kenya mwaka 2012 na baadaye ikaingia Uganda, ilipokea malipo ya siku kwa simu: asiyelipa alikosa umeme, akipata fedha aliendelea alipoachia.

Mpaka nao una yake. Kwa miaka mingi Kenya imekuwa ikifunga uvuvi wa omena kuanzia Aprili hadi Julai, hivyo mteja wa ng'ambo anaweza kukosa mapato wakati mwenzake wa Majanji anavua. Masuala ya ukaguzi wa nyavu na mitumbwi yana wenyewe, nami sina mamlaka ya kuyatolea uamuzi. Itoshe kusema kwamba mtumbwi uliozuiliwa hauwezi kulipa ada ya mwezi.

Mapendekezo

Kampuni changa itoze kwa safari, kwa kreti au kwa chaji. Anayelazimika kutoza kwa kipindi ahesabu giza hadi giza, na tarehe 1 aiache. Majaribio yapite kwenye giza na mbalamwezi, na kwa wenye wateja Kenya yapite pia msimu wa kufungwa. Malipo yapokelewe kwa shilingi zote mbili na kwa mitandao ya simu ya pande zote mbili. Mkataba useme wazi kwamba siku za mbalamwezi si siku za deni. Narudia: itozwe kwa safari.

Wakopeshaji, mlioketi mbele hapa, nawaomba kwa heshima: fomu zenu za marejesho ziwe na nafasi ya kuandika siku za kuvua. Kijana akitoza kwa safari huku nyinyi mnamdai kila tarehe 1, mzigo tulioutua kwa mvuvi unamwangukia yeye.