Ndugu Kumshitaki Ndugu: 1 Wakorintho 6 na Mirathi ya Wajane wa Kanisa

Mada iliyotolewa katika semina ya wachungaji, wazee wa kanisa na viongozi wa akina mama wa makanisa yanayoabudu kwa Kiswahili, Kampala



1. Utangulizi na ufafanuzi

Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie "Mkristo, Sheria na Mwenendo", nikianza na maana ya maneno. Nitapita haraka. Sheria ni kanuni zinazotungwa na Bunge na kusimamiwa na mahakama, na hapa Uganda iliyo juu ya zote ni Katiba ya 1995. Maadili ni yale tunayotakiwa kuyatenda hata pasipo askari. Juu ya utii kwa serikali, kila mchungaji aliyemo humu amekwisha kuhubiri Warumi 13, na anajua pia kwamba Petro na Yohana walipokatazwa kuhubiri hawakutii. Sisi wenyewe tuna mashahidi wa imani wa Namugongo wa 1886, na tuna Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeuawa Februari 1977 baada ya yeye na maaskofu wenzake kumwandikia Idi Amin barua ya kulalamikia mauaji. Hayo mnayajua kuliko mimi.

Kwa ruhusa ya mwenyekiti nayaacha hapo. Muda uliobaki nautumia kwa jambo moja ambalo nimehangaika nalo miaka mingi katika kazi ya uwakili na katika kamati za kanisa: mjane wa Kikristo anayezuiwa kwenda mahakamani kwa kusomewa Biblia. Niseme mapema kwamba maoni haya ni yangu, si ya ofisi ninayoitumikia, na kwamba wapo wachungaji wengi wanaosimama na wajane hadi mwisho. Siwasemi hao.

2. Tatizo lenyewe

Mnakijua kikao hiki. Marehemu amezikwa juzi, viti vya kukodi bado viko uani. Sebuleni wamekaa mashemeji, mzee wa ukoo, mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na mchungaji. Juu ya meza kuna mkataba wa kibanja, ule ulioandikwa kwa mkono na kugongwa mhuri wa LC1 siku kiwanja kiliponunuliwa. Inasomwa sala. Kisha shemeji mkubwa anasema familia imeamua mali "ikae mikononi mwa ukoo" mpaka watoto wakue. Mjane akiuliza swali, mchungaji anafungua 1 Wakorintho 6 na kumkumbusha kwamba waamini hawapelekani mbele ya wasioamini, na ni heri kudhulumiwa. Mwishoni linapitishwa daftari, kila mtu anaandika jina na kutia sahihi. Mjane naye anatia, akidhani ni mahudhurio.

Daftari lile si mahudhurio. Ni kumbukumbu za kikao cha familia, na Msimamizi Mkuu wa Mirathi akiletewa, pamoja na cheti cha kifo na barua ya LC1, anaziona kama ridhaa ya mjane kwamba shemeji ndiye aombe usimamizi. Nimezishika karatasi za namna hii. Kwenye mojawapo, chini ya jina la mjane, palikuwa na jina la mchungaji na mhuri wa kanisa, umegongwa wima na kusomeka vizuri kuliko kitu kingine chochote kwenye ukurasa.

Mjane huyo akija ofisini kwangu, kwa kawaida ameshachelewa. Haji kwa hasira. Anakuja na swali la dhamiri: je, nikifungua jalada nitakuwa nimetenda dhambi?

3. Paulo alimkemea nani?

Mimi si mwanateolojia, na wamo humu waliosoma theolojia Mukono watakaonisahihisha. Lakini kusoma andiko lote badala ya mstari mmoja ni kazi ya wakili pia.

Paulo anawaambia Wakorintho mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni aibu kwamba katika kanisa zima hapakuwa na mtu hata mmoja mwenye hekima wa kuamua kati ya ndugu. Kwa hiyo anayekataza mahakama analazimika kuleta baraza. Kanisa lisilo na baraza la usuluhishi lenye watu wanaoaminika na pande zote mbili, lisilosikiliza ushahidi, lisiloandika uamuzi, halina haki ya kumzuia mtu asiende kwa hakimu. La pili linasahaulika kabisa. Baada tu ya kusema ni heri kudhulumiwa, Paulo anawageukia wanaodhulumu na kuwakemea kwamba wanawanyang'anya ndugu zao wenyewe. Nimehudhuria vikao vingi vya matanga. Mstari wa saba nimeusikia ukisomwa mara nyingi sana. Mstari wa nane sijausikia ukisomewa shemeji.

Tena Paulo huyu huyu pale Filipi alikataa kutoka gerezani kimyakimya mpaka mahakimu waje wenyewe kumtoa, na mbele ya Festo akakata rufani kwa Kaisari. Kanisa la Yerusalemu nalo, katika Matendo 6, lilipopata malalamiko ya wajane wa Kiyunani kwamba wanasahaulika katika huduma ya kila siku, mitume hawakuwaambia wavumilie. Waliita mkutano, wakachagua watu saba, wakabadilisha utaratibu.

Na kama mnataka kesi ya mirathi yenyewe, ipo. Hesabu 27 inawataja mabinti watano wa Selofehadi waliosimama mbele ya Musa, Eleazari kuhani na wakuu wote, kwenye mlango wa hema, wakadai urithi wa baba yao asiyekuwa na mtoto wa kiume. Musa hakuwaambia wanaleta fujo. Alilipeleka shauri lao kwa Bwana, na sheria ya Israeli ikabadilika. Najua sura ya 36 inaleta sharti la kuolewa ndani ya kabila lao. Sharti hilo lilihusu nani atawaoa. Haki yao ya kurithi ilibaki.

4. Fungu la nani?

Hapa ndipo ninapoomba msikilize kwa makini zaidi.

Sheria yetu ya Mirathi ina mizizi ya 1906. Kwa miaka mingi mume akifa bila wosia iligawa hivi: watoto na wajukuu asilimia 75, mke au wake kwa pamoja 15, ndugu waliomtegemea marehemu 9, na mrithi wa kimila 1. Tarehe 5 Aprili 2007 Mahakama ya Katiba, katika shauri la chama cha Law and Advocacy for Women in Uganda, ilivibatilisha vifungu kadhaa vya sheria hiyo kwa kuwabagua wanawake. Bunge lilichukua miaka 15 kuziba pengo. Marekebisho ya 2022 yanampa mwenzi aliyebaki, mume au mke, asilimia 20, watoto 75, wategemezi 4 na mrithi wa kimila 1, pale makundi yote manne yanapokuwapo. Nyumba ya familia inalindwa, na kumfukuza mjane ndani yake ni kosa la jinai.

Sasa mrudieni yule mchungaji sebuleni. Anapomwambia mjane akubali kudhulumiwa, anamwomba asamehe nini? Kati ya kila shilingi 100 za marehemu, 20 ndizo za mjane. Hizo akitaka kuzisamehe kwa ajili ya Kristo, azisamehe, na mimi sitamzuia. Lakini 75 ni za watoto. Mtu husamehe deni lake mwenyewe. Hana mamlaka ya kusamehe deni la mtoto wa miaka sita. Mchungaji anayemshauri aache, haandai sadaka ya mama. Anatoa mali ya yatima, na tunajua manabii walisema nini juu ya hilo.

Jambo jingine ambalo nimelirudia hata nimechoka: kuomba barua za usimamizi wa mirathi si kumshitaki mtu. Hakuna mshitakiwa. Mjane anapeleka taarifa kwa Msimamizi Mkuu, anapata cheti cha kutokuwa na pingamizi, anapeleka maombi mahakamani, tangazo linatolewa kwa siku 14, na asipotokea mpinzani anapewa barua. Ndugu wa Korintho hata hawatajwi humo. Sheria ya sasa inampa mwenzi aliyebaki kipaumbele katika usimamizi huo. Kumkataza mjane hatua hii kwa 1 Wakorintho 6 ni kutojua sheria wala Paulo.

5. Mazoea haya yalitoka wapi

Kwa haki, nisiwalaumu wachungaji peke yao. Uamsho wa Afrika Mashariki, ambao chimbuko lake tunalihusisha na Simeoni Nsibambi na Daktari Joe Church walipokutana Namirembe 1929, ulitufundisha kukiri makosa mbele ya wenzetu na kuyamaliza mezani. Balokole, watu wa uamsho huo, wamepatanisha majirani wengi kuliko mahakama yoyote ya wilaya. Lakini utaratibu ule ulidai mkosaji ndiye aanze kutubu. Tuliobaki tumeuhifadhi kwa nusu: mdhulumiwa ananyamaza, mkosaji hatubu.

Tena makanisa yetu wenyewe hayaogopi mahakama. Kanisa la Mtakatifu Petro, Ndeeba, lilipobomolewa usiku mmoja wa Agosti 2020 kufuatia mgogoro wa ardhi wa miaka mingi, hapakuwa na aliyesema tukubali kudhulumiwa. Nami nilihuzunika kama wengine. Nasema tu kwamba kibanja cha mjane nacho ni ardhi.

6. Cheti cha ndoa

Kwa ufupi, ingawa jambo si dogo. Haki za mwenzi ni za aliyefunga ndoa inayotambuliwa na sheria. Sheria ya Ndoa ya 1904 inataka jengo la ibada liwe na leseni, na kumbukumbu za ndoa zipelekwe kwa msajili, ambaye leo ni URSB, ofisi ya serikali ya usajili. Baadhi ya makanisa ya mitaa yetu, na hapa nawaangalia hasa ndugu zangu wachungaji kutoka Kongo walioko Katwe na Makindye, yanafungisha ndoa nzuri sana, zenye keki na video, bila leseni. Mengine yana leseni lakini kitabu cha ndoa kimelala kabatini. Siku ya msiba mashemeji wanadai huyu hakuwa mke, na mchungaji aliyewafungisha hana karatasi ya kuonyesha. Wapo pia waliokamilisha kwanjula, sherehe ya kimila ya utambulisho, na kila kilichotakiwa na wazazi, lakini kwa kuwa hawajamudu gharama za harusi, kanisa linawahesabu wazinzi. Sheria ya kusajili ndoa za kimila ipo tangu 1973 na usajili hufanyika kwa chifu wa gombolola. Tunawatenga kwenye meza ya Bwana, halafu hata njia ya gombolola hatuwaonyeshi.

7. Mapendekezo

Mengine nimeshayagusa, lakini waandaaji walisisitiza mapendekezo, nami nina sababu ya kuyarudia.

Kwanza, pasiwe na mchungaji wala mzee wa kanisa atakayetumia 1 Wakorintho 6 kumzuia mjane au yatima kuomba usimamizi wa mirathi. Si suala la mtazamo. Liwe katazo, na liandikwe katika taratibu za kila kanisa.

Pili, mhuri wa kanisa usigongwe kwenye kumbukumbu za kikao cha familia kabla ya kusomwa kwa sauti, katika lugha anayoielewa mjane, na kabla hajaulizwa peke yake, nje ya mashemeji, kama anaelewa anachotia sahihi.

Tatu, kila kanisa liunde baraza la usuluhishi lenye watu wasiopungua watano, wanawake wakiwamo kwa idadi ya maana na wala si mmoja wa kuandaa chai. Liandike maamuzi. Likishindwa ndani ya miezi mitatu, lenyewe limsindikize mdai mahakamani.

Nne, ndugu anayekalia mali ya yatima achukuliwe hatua za nidhamu kama tunavyomchukulia hatua mlevi. Tunamvua uongozi mwimbaji wa kwaya aliyepata mimba, tunamwacha mzee wa kanisa aliyeuza shamba la watoto wa kaka yake. Hili linanikera, na sitalipamba.

Tano, wachungaji waombe leseni, na vitabu vya ndoa vifikishwe URSB. Sita, wenye ndoa za kimila wasaidiwe kuzisajili, hata wakati wanasubiri baraka za kanisa. Saba, mahubiri juu ya wosia yatolewe walau mara moja kwa mwaka; wosia unahitaji mashahidi wawili, na mchungaji anayeshuhudia asiwe na fungu ndani yake, wala asiwe ndiye aliyeshauri kanisa lipewe kiwanja. Nane, wakimbizi wafundishwe kwamba Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inawapa haki ya kufika mahakamani kama wenyeji. Tisa, wajane wasiomudu wakili waelekezwe FIDA-Uganda, chama cha wanawake wanasheria, kinachofanya kazi hii tangu 1974.

Kumi, ambalo ni la kwanza tena: tuache kuwasomea wajane nusu ya andiko.

Mwenyekiti, semina za namna hii huishia kwa mapendekezo "kupokelewa", na yakishapokelewa hayaonekani tena. Mapendekezo manane yanaweza kusubiri vikao vya makanisa. La kwanza na la pili hayahitaji bajeti wala kamati. Naomba yapigiwe kura leo kabla ya chakula cha mchana, na katibu aandike majina ya watakaoyapinga.