Majina Tumetoa, Sasa Tutoe Yaliyomo



Nakutajia maneno sita, uyasikilize kwa utulivu. Zuka. Busara. Umma. Dhana. Cheche. Kwani.

Yote ni majina ya majarida. Yalizaliwa Nairobi, Dar es Salaam na Kampala, ya mwanzo katika miaka ya 1960 na la mwisho mwaka 2003. Yalibeba hadithi, mashairi na hoja za vijana ambao leo kazi za baadhi yao zinafundishwa vyuoni. Kila moja lilijiita kwa Kiswahili. Na kila moja, ukishafunua jalada lake, sehemu kubwa ya yaliyomo ilikuwa Kiingereza.

Jioni hii nataka tuliangalie jambo hilo, maana ndani yake mna swali linalotuhusu sisi wasomaji.

Tuanzie vyuoni. Makerere palikuwa na jarida liitwalo Penpoint tangu mwaka 1958, na ndimo Ngũgĩ wa Thiong'o, angali mwanafunzi, alimotoa hadithi zake za mwanzo. Nairobi walikuwa na Nexus. Dar es Salaam walikuwa na Darlite. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, upepo wa kujitambua ukavuma, na majina ya Kiingereza yakaanza kuwabana wenyewe kama kiatu cha mtu mwingine. Nexus likageuka Busara. Darlite likageuka Umma. Penpoint likapokewa na Dhana.

Vyuo vitatu, nchi tatu, na vyote vikabisha hodi mlango mmoja kuomba jina. Kiswahili kikatoa. Kwetu pwani, mtoto akipewa jina lako huwa somo yako, na baina yenu huwa na haki: wewe utamtupia jicho, yeye atakuamkia akikuona. Majarida hayo na Kiswahili ni somo, lakini mengi hayakupata nafasi ya kukiamkia.

Sisemi haya kwa kuwalaumu walioyaanzisha. Waliifanya kazi ambayo mchapishaji mkubwa huiogopa, yaani kumwamini mtu asiyejulikana. Mwandishi Binyavanga Wainaina alipopata Tuzo ya Caine ya hadithi fupi za Afrika mwaka 2002, alirudi Nairobi akashirikiana na wenzake kuanzisha Kwani? mwaka uliofuata. Mwaka huohuo hadithi ya Yvonne Adhiambo Owuor iliyochapishwa humo ikashinda tuzo ileile. Kwani? likafungua mlango hata kwa Sheng, lugha ya vijana wa mitaani ambayo haikuwa na nafasi vitabuni. Jarida moja, tena changa, lilimtoa mwandishi uchochoroni likamweka barabara kuu.

Na mwandishi wa Kiswahili, yeye alikuwa wapi? Alikuwa gazetini. Tangu Mambo Leo, gazeti la serikali ya kikoloni lililoanza mwaka 1923, ambamo Shaaban Robert naye alitoa mashairi yake, kurasa za magazeti zimekuwa baraza la malenga. Mmoja anauliza kwa beti kumi, mwingine anamjibu kutoka mkoa wa mbali kwa vina vilevile. Redio nazo zikawapa kipaza sauti. Ni urithi wa kujivunia. Lakini gazeti halikai. Shairi linatoka Jumapili, Jumatatu limefungia maandazi. Majarida ya kitaaluma yanahifadhi, nayo tunayashukuru, ila humo fasihi huchambuliwa zaidi kuliko inavyotungwa. Kati ya gazeti linalopotea na jarida la wataalamu pana uwanja mpana, na uwanja huo umekaa wazi muda mrefu.

Namfahamu mwalimu mmoja wa shule ya msingi mwenye madaftari matatu ya mashairi. Nimeyasoma. Kuna utenzi wake kuhusu mama anayevuka mto alfajiri kwenda kliniki, ambao sijausahau hadi leo. Aliupeleka mswada wake kwa mchapishaji mmoja. Akajibiwa kwa upole: "Mwalimu, mashairi ni mazuri, lakini hayauziki. Tuletee mwongozo wa mtihani."

Jibu hilo linauma, lakini tulifanyie hesabu kabla ya kukasirika. Tuseme kitabu cha mashairi kinauzwa shilingi 10,000. Mwenye duka anachukua 3,500. Kiwanda cha chapa, kwa kuwa nakala ni chache, kinataka 4,000 kwa kila nakala. Zinabaki 2,500, na humo atoke mhariri, mchoraji wa jalada, nauli ya mizigo na mrabaha wa mwandishi. Juu ya hayo, vitabu huenda dukani kwa mali kauli. Vitabu hutangulia, fedha hufuata, na fedha hiyo haina haraka. Miezi sita baadaye mchapishaji bado anapiga simu, na mwenye kiwanda anampigia yeye. Shule ndizo zinazonunua kwa wingi, kwa hiyo kila mwenye mtaji hukimbilia vitabu vya kiada. Mwalimu wetu hakukataliwa kwa ubaya wa mashairi yake. Alikataliwa kwa sababu yangu na yako: mchapishaji ametutazama, akaona hatutanunua.

Basi wengi hutafuta mfadhili. Hapo ndipo napenda tukumbuke kisa cha Transition. Jarida hilo lilianzishwa Kampala mwaka 1961 na Rajat Neogy, kijana wa mji huo. Likasomwa Afrika nzima. Humo, mwaka 1963, Mnigeria Obi Wali alitoa hoja kwamba fasihi ya Afrika ikiendelea kung'ang'ania lugha za Ulaya haitakuwa na pa kufika. Mjadala huo haujaisha mpaka sasa. Lakini baadaye ikafichuka kwamba taasisi iliyokuwa ikilisaidia jarida, Congress for Cultural Freedom, ilikuwa ikipewa fedha na CIA, shirika la ujasusi la Marekani. Kazi nzuri ya miaka ikaingia doa ambalo waandishi wake hawakulitafuta. Mwaka 1968 serikali ya Milton Obote ikamtia Neogy ndani, pamoja na mbunge Abu Mayanja aliyekuwa ameikosoa serikali katika jarida hilo. Alipotoka, Transition likahamia Accra, na mwaka 1976 likazimika. Lilipofufuliwa mwaka 1991, lilifufuliwa Marekani. Kampala ililizaa, lakini halikurudi kuishi nyumbani.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri mwili. Fedha ya mfadhili inaweza kuwa na nia njema kabisa, lakini ufunguo wa sanduku anakaa nao mwenyewe.

Upande wa pili lipo Cheche. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walilianzisha mwaka 1969. Hawakuwa na ofisi wala mishahara. Waliandika, wakahariri, wakarudufu kwa mashine ya wino, wakabana kwa pini, wakauza wenyewe. Mwaka 1970 walitoa toleo zima la andiko la Issa Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka nchini, na kabla mwaka haujaisha serikali ikalipiga jarida marufuku. Umri wake haukufika miaka miwili. Hata hivyo watu bado wanalizungumza, na walioliandika wamelitolea kitabu cha kumbukumbu, kilichochapishwa na Mkuki na Nyota.

Jina hilo, Mkuki na Nyota, nalo lina kisa. Mwanzilishi wake, Walter Bgoya, aliongoza Tanzania Publishing House, shirika la umma, tangu mwaka 1972. Mwaka huo shirika lilitoa kitabu cha Walter Rodney kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Mshirika wao London hakuwa kampuni ya ghorofa. Alikuwa Bogle-L'Ouverture, nyumba ndogo ya uchapishaji ya Jessica na Eric Huntley, mke na mume kutoka Guyana, walioiendesha nyumbani kwao. Kitabu kilichotoka katika mikono hiyo kingali kinasomwa duniani. Mwaka 1991 Bgoya akaanzisha Mkuki na Nyota, kampuni huru, na hadi leo inatoa vitabu vya Kiswahili, zikiwamo kazi zilizoshinda tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoanza kama Mabati-Cornell.

Kwa hiyo uwezo upo, na waandishi wapo. Kinachokosekana ni mnunuzi wa uhakika. Na hilo lina dawa inayojulikana. Mwaka huohuo wa 1991 ulianza Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania. Mchapishaji akipiga chapa nakala 5,000 za kitabu cha mtoto, mradi ulinunua 3,000 na kuzigawa mashuleni. Mchapishaji alilala usingizi, kwa sababu gharama ilikwisharudi. Fedha zilitoka kwa wafadhili wa Kanada, lakini wazo lenyewe halihitaji mfadhili. Norway, nchi ambayo hadi leo haijafikisha watu milioni 6, tangu mwaka 1965 inanunua vitabu vya fasihi ya lugha yake na kuvipeleka maktaba za umma. Hawakusubiri mtu wa nje awapendee lugha yao.

Sisi tunaozungumza Kiswahili tunahesabiwa kwa makumi ya mamilioni. Baadhi ya halmashauri zetu zina maktaba, na zisizo nazo zina shule. Kila moja ikinunua nakala tano tu za kila kitabu cha hadithi au mashairi kilichopitishwa na wahariri wanaoaminika, na ikalipa kwa wakati, mchapishaji mdogo atathubutu. Wenye maduka nao nawaomba: kitabu kikishauzwa, fedha ya mchapishaji si mtaji wako. Mpelekee.

Na wewe unayenisikiliza, jukumu lako ni jepesi kuliko yote. Mwezi huu nunua kitabu kimoja cha mwandishi ambaye hujawahi kumsikia, kutoka kwa mchapishaji mdogo, ulipe papo hapo. Ukimaliza, mpe jirani, kisha umwambie ulipokinunua. Vijana wenye madaftari kabatini, kutaneni watano, chagueni mhariri mkali, mtoe toleo la kurasa 40. Lisipofika toleo la tatu, msione haya. Cheche halikudumu, na bado tunalitaja.

Mwalimu niliyemsimulia hajaacha kuandika. Ameanza daftari la nne. Nimemuuliza, likipatikana jarida la kuuchapisha utenzi wake, angependa liitweje. Akafikiri kidogo, akanijibu: "Jina lolote. Mradi mama wa mtoni akisomewa, aelewe."