Bei Ilishuka, Chipu Zikang'olewa
Msikilizaji, PlayStation 3 ilipoingia sokoni Marekani Novemba 2006, ile ya gigabaiti 60 iliuzwa dola 599. Watu waliguna, na walikuwa na haki. Lakini ndani yake Sony iliweka chipu za PlayStation 2, hivyo gemu nyingi za zamani zilichezeka. Mwaka uliofuata likaja toleo la dola 399. Nafuu, naam, ila chipu zile hazimo, na diski za PlayStation 2 zikakataliwa. Kwangu hilo si punguzo kamili, na tangazo la bei lingepaswa kulitamka kwanza. Aliyekusanya gemu miaka mingi alibaki kuitunza PlayStation 2 yake kuukuu, ambayo Sony ilikuja kuacha kuitengeneza kufikia 2013.